Fahari ya Matairi Makubwa

Yeyote apitaye katika barabara za Dar es Salaam au Nairobi siku hizi hakosi kukutana na Prado au Hilux ambayo mwenyewe, akiisha kuinunua, ameona kimo ilichotoka nacho kiwandani hakimtoshi, akaivisha matairi mapana yenye kashata nene za kupandia majabali, kisha akaendelea kuiendesha kama zamani: asubuhi kazini, jioni nyumbani, Jumamosi sokoni au arusini. Mtu kupamba mali yake si kosa, wala haja ya uzuri si haja ya kudharauliwa. Lakini tairi ndilo kiungo pekee cha gari kinachogusa ardhi, na hukumu zote za usukani, za breki na za mafuta hupitia humo. Kwa hiyo pambo likiwekwa mahali hapo halibaki kuwa pambo. Rai yangu ni kwamba mwenye gari la fowili alitumialo kila siku katika lami aghalabu hana haja ya kuzidisha ukubwa wa tairi, na hata yule mwenye haja ya kweli mara nyingi huchagua upana pale palipotaka wembamba.

Tuanze kwa hesabu, maana hesabu haina upendeleo. Prado nyingi zilizoko kwetu huvaa tairi lililoandikwa ubavuni 265/65R17, ambapo tarakimu ya kwanza ni upana kwa milimita, ya pili ni kimo cha ubavu kwa asilimia ya upana huo, na ya mwisho ni kipenyo cha ringi kwa inchi. Ukikokotoa utapata tairi lenye kipenyo cha milimita 776. Lile litamaniwalo sana na wapenzi wa mambo haya, 285/70R17, lina milimita 831. Tafauti yao ni milimita 55. Lakini kwa kuwa ekseli hukaa katikati ya gurudumu, tumbo la gari hupanda kwa nusu tu ya hizo, yaani milimita 27, ambazo hazifikii upana wa vidole viwili. Hiyo ndiyo faida yote ya kimo, na mnunuzi mwenye insafu yampasa aitie katika mizani pamoja na gharama zake.

Gharama ya kwanza ni ya mita. Mita ya mwendo huhesabu mizunguko ya gurudumu, wala haina habari kwamba kila mzunguko umerefuka kwa asilimia 7. Hivyo mshale uliokuwa ukisema kweli ulipoonyesha 50, ambao ndio mwendo halali katika maeneo ya makazi nchini Tanzania, sasa huonyesha 50 ilhali gari laenda 53 na nusu, na kwenye 100 laenda 107. Ni kweli kwamba mita nyingi hutoka kiwandani zikizidisha kidogo, na akiba hiyo huwafichia watu makosa yao kwa muda. Lakini ikiisha kuliwa, askari aliyeshika tochi kando ya njia hatauliza habari za kipenyo. Kilomita nazo huandikwa pungufu: atakayebadilisha oili baada ya kilomita 5,000 za mita atakuwa amekwenda 5,350 za ardhi, na apimaye matumizi ya mafuta kwa mita hiyo atalilaumu gari kwa ulaji mkubwa kuliko ulaji wake wa hakika.

Breki hazikukua pamoja na tairi. Nguvu ya kulizuia gurudumu hutoka katika diski ileile na kaliperi ileile, lakini sasa sharti ifike ukingoni mwa duara lililo kubwa zaidi, na kila aliyepata kubeba ndoo ya maji kwa mkono ulionyooshwa anajua jinsi mzigo usioongezeka unavyoelemea mkono uliorefuka. Kwa mkanyago uleule wa pedali, nguvu inayofika kwenye lami hupungua kwa zaidi ya asilimia 6, nasi bado hatujahesabu uzito wa tairi lenyewe, ambalo likiwa la kuta nene za kubebea mizigo huweza kulizidi la kiwandani kwa kilo kadhaa. Uzito huo huzunguka, tena haubebwi na springi, kwa hiyo huchosha shokapu, tairodi na beringi kuliko ambavyo uzito kama huo ungezichosha ukiwekwa ndani ya buti. Gia nazo hurefuka kwa kiasi kilekile, na gari lililokuwa likiupanda mlima wa Kitonga kwa gia moja bila manung'uniko huenda sasa likaomba gia ya chini yake.

Anayetaka kuiona bei ya milimita 27 na asimame gereji siku tairi jipya linapofungwa. Fundi huketi nyuma ya usukani, akauzungusha polepole kuelekea mwisho wa kushoto. Kabla haujafika husikika mkwaruzo mkavu, na akishuka kutazama, kwenye bega la tairi huona mstari mweusi unaong'aa ambapo kashata zimesugua plastiki ya ndani ya madigadi. Huchukua msumeno wa chuma, akaikata plastiki. Isipotosha hushika nyundo, akaulaza ukingo wa bati. Na kama bado, humshauri mwenye gari aweke springi ndefu, na springi ndefu hudai shokapu ndefu, na gari lililonyanyuliwa hudai alaimenti mpya. Muuzaji hakuyataja hayo dukani, kwani kila mwamba ngoma ngozi huivutia kwake.

Fauka ya hayo liko tairi la akiba. Wengi hununua manne, wakaliacha la tano na kipimo chake cha zamani, hali Prado hupeleka nguvu katika magurudumu yote manne wakati wote. Na siku ya pancha, ekseli moja ikipewa gurudumu kubwa upande mmoja na dogo upande wa pili, difu hulazimika kufanya mfululizo, hata katika njia iliyonyooka, kazi ambayo iliundwa kuifanya kwenye kona tu. Tairi la akiba lisilolingana na wenzake humfikisha mtu kwa fundi wa pancha kwa mwendo wa pole. Safari ya kutoka Singida hadi Mwanza halifai.

Yatosha kwa upande wa lami. Sasa tuwatazame wale ambao kazi yao ni porini kwelikweli. Land Cruiser ndefu za hospitali za wilaya na za mashirika ya misaada, zile zenye mkonga, kwa miaka mingi zimetembelea tairi la 7.50R16, refu lakini jembamba, lenye upana wa inchi saba na nusu. Sababu yake ni ya maumbile: tope likiwa limelala juu ya ardhi ngumu, tairi jembamba hulikata likaifikia ardhi hiyo, ilhali lililo pana huelea juu ya utelezi likatafuta njia ya mtaroni. Upana una daraja yake katika mchanga, na madereva wa majangwa ya Oman wanajua; lakini hata huko, anayepunguza upepo kutoka psi 35 hadi 18 hulirefusha tairi pale linapokanyaga, akavuka kwa tairi alilo nalo, mradi asisahau kulijaza kabla ya kurudi katika lami na kukimbia. Ustadi huo hauna bei, ila ya kipimo cha upepo na pampu. Na katika mbio za Safari za mwaka 1963, ambamo magari 84 yaliingia na 7 tu yakamaliza, mshindi alikuwa Peugeot 404 ya Nick Nowicki na Paddy Cliff, gari la watu na familia zao, lililosukumwa na magurudumu mawili ya nyuma.

Kuhusu kashata, hukumu ni nyepesi zaidi. Tairi la tope, lenye kashata kubwa zilizoachana, hugusa lami kwa mpira mchache, nalo hunguruma mwendo wote, hulika upesi, na mvua za masika zikinyesha juu ya lami iliyong'arishwa na malori hushindwa kushika pale ambapo tairi la kawaida lingeshika. Mtu ambaye barabara yake ya nyumbani ni ya vumbi na mashimo, au aendaye shambani mwisho wa wiki, atatoshelezwa na tairi la njia mchanganyiko, lile liandikwalo AT, kwa kipimo kilekile cha kiwandani. Ataona tafauti katika changarawe, na gari litabaki na breki zake na mita yake.

Sisemi kwamba hakuna mwenye haki ya tairi kubwa. Bwana shamba wa mbugani na mchimbaji wa madini ambaye njia yake ni korongo wana udhuru wao, na atakayeamua kwa nadhari kamili na awe na hiyari yake. Lakini na asome tarakimu nne za mwisho zilizo ubavuni, zinazotaja wiki na mwaka wa kutengenezwa, asije akauziwa mpira uliozeekea ghalani. Na azijaribu breki zake mahali patupu kabla ya kuingia kati ya watu. Na anunue matano ya kipimo kimoja. Ambaye mfuko wake wamudu manne tu, jibu lake amekwisha kulipata.