Kusimama Kuswali na Kuacha Kuswali

Tuseme mtoto wa Nakuru anaandika insha ya Kiingereza juu ya safari ya kwenda Nairobi. Akusudia kusema kuwa walisimama Naivasha kuswali, akaandika: “We stopped praying at Naivasha.” Mwalimu atafahamu kuwa familia nzima iliacha Swala huko Naivasha! Ilimpasa aandike: “We stopped to pray.”

Kosa hili halitokani na uzembe. Sisi tuna “kuswali” moja tu, na tofauti huibeba kitenzi kinachotangulia: kusimama ni kimoja, kuacha ni kingine. Kiingereza hutumia “stop” kwa yote mawili, kisha hutenganisha maana kwa umbo la kitenzi kinachofuata.

Hali ni hiyo hiyo katika deni. “I remembered to pay” maana yake sikusahau kulipa, nikalipa. “I remember paying” maana yake nakumbuka kwamba nililipa. Kauli hii ya pili ni ushahidi, na ushahidi ni amana.

Basi wazazi, mtoto akikosea tusimkemee. Tumwulize kwa lugha yake: “Mlisimama ili mswali, au mliacha kuswali?” Penye “ili”, aandike “to pray”, penye kuacha, aandike “praying”. Anayeifahamu vyema lugha ya nyumbani huwa na mizani ya kupimia ya ugenini.