Ulikuwa wa ngapi, na wamekulipa kiasi gani?

Huku baridi ndiyo imeanza kubisha hodi na makoti yameshatoka kabatini. Tangu niwatumie zile picha za Tenby simu yangu haijapumzika. Nashukuru kwa pongezi. Ila kuanzia Tanga mjini mpaka Muheza maswali ni yale yale mawili: ulikuwa wa ngapi, na wamekulipa kiasi gani? Mjomba kaongeza lake la tatu, kwamba fedha ile ingetosha mabati. Siwezi kumjibu kila mtu kwa simu, kwa hiyo nayaweka majibu yote hapa, pamoja na maoni yangu, na mwenye kununa anune.

Kwanza kwa wale waliodhani nilikwenda kuvua samaki kwa sababu ya lile livazi jeusi. Lile ni suti ya mpira, maji ya Wales mwezi wa Septemba si ya Raskazoni. Mbio zenyewe ni triatloni ndefu, jina lake la kibiashara ni Ironman. Unaogelea baharini kilomita 3.8, unatoka unapanda baiskeli kilomita 180, yaani kama Tanga hadi Korogwe kwenda na kurudi, halafu ukishuka unakimbia marathoni nzima ya kilomita 42.2. Yote siku moja, na mwisho ni saa 17. Ukizidisha hapo, mchana wako wote umekwenda na hesabuni humo.

Asili yake itawapendeza watu wa kijiweni, kwani ulikuwa ubishi tu. Kule Hawaii wanajeshi na wakimbiaji walikuwa wakibishana nani ana pumzi zaidi: muogeleaji, mwendesha baiskeli au mkimbiaji? Afisa mmoja wa jeshi la majini la Marekani, John Collins, akasema basi tuunganishe mashindano matatu yaliyopo hapa kisiwani, tuyafanye kwa mkupuo mmoja, tuone. Tarehe 18 Februari 1978 wakaanza watu 15, wakamaliza 12. Wa kwanza, Gordon Haller, alitumia saa 11 na dakika 46. Hakuna aliyelipwa. Vijiwe vyetu vingekuwa na matokeo kama hayo tungekuwa mbali.

Sasa jibu. Nilikuwa wa nyuma. Saa 15 na dakika 41. Walionipita ni wengi, wamo na akina mama wenye wajukuu, na mmoja wao alinipa pole wakati ananipita. Nimelipwa medali, fulana na kipande cha piza. Wanaopata fedha katika mchezo huu ni wachache wanaoufanya kama kazi, sisi wengine ndio tunaolipa ili wao walipwe.

Najua jibu hilo haliwaridhishi. Kwetu mtu akienda mashindanoni akarudi bila kikombe huonekana kaenda kutembea. Lakini mbona John Stephen Akhwari tunamkumbuka? Oktoba 1968 kule Mexico aliingia uwanjani usiku, goti limefungwa bendeji, zaidi ya saa moja baada ya Mamo Wolde wa Ethiopia kushinda. Katika waliomaliza alikuwa wa mwisho. Wapo waliopata medali Mexico ambao leo hata kwao hawatajwi, na mtu wetu wa mwisho anatajwa dunia nzima. Mimi si Akhwari, sikutumwa na taifa wala sikuanguka. Nasema tu kwamba kumaliza ni jambo linalojitegemea, na sisi Watanzania tungepaswa kulielewa kabla ya wengine.

Haya, tuje kwenye mabati, maana hapo ndipo penye moto.

Ada ya kushiriki ilizidi pauni 400. Weka malazi ya siku 3 katika mji mdogo ambao wikiendi hiyo hata kijistoo kina mgeni, weka matairi ya akiba, chakula, na mafuta ya gari la jamaa mmoja wa Malawi aliyenipa lifti kutoka Reading na baiskeli zetu mbili zimefungwa nyuma. Mjomba hakukosea hesabu. Mabati yangepatikana na misumari ingebaki.

Ila naomba nimuulize mjomba na wenzake kitu kimoja, kwa heshima. Mwaka juzi hapa tulipitisha daftari la mchango kumsafirisha mwenzetu mmoja nyumbani. Kwenye jeneza. Alikuwa na miaka 46. Kazi ya usiku kwenye bohari, mchana kazi nyingine, katikati chakula cha kununua na usingizi wa saa nne. Presha alikuwa nayo miaka, dawa anakunywa akikumbuka. Alijenga nyumba nzuri sana, wote mliiona kwenye picha, na alilala ndani yake mara moja tu. Kwa siku chache tulikusanya maelfu ya pauni, na hakuna hata mmoja huko nyumbani wala huku aliyesema fedha ile ingetosha mabati. Kwa nini ya jeneza haina maswali na ya baiskeli inayo?

Wengi wetu huku tunaishi hivyo. Tunatuma kila mwezi, tunajinyima, tunanenepa, sukari inapanda, tunasema mwakani nitapumzika. Mimi natuma, na nitaendelea kutuma, mama anajua. Lakini sikubali kwamba mwili wangu ni wa mwisho kwenye orodha ya matumizi, baada ya ada za shule, msiba, harusi na simu mpya ya binamu (anajijua).

Dada yangu, ambaye ni nesi na hapendi maneno mengi, alinijibu vizuri: kushusha presha hakuhitaji kilomita 226, tembea nusu saa kwa siku, bure. Ni kweli kabisa. Kama afya ndiyo shabaha pekee, tembeeni, msinifuate mimi. Tena mbio za urefu huu zina hatari zake, na mwenye tatizo la moyo aanze kwa daktari. Langu mimi ni hili: mtu wa shifti hana jioni wala wikiendi, siku zake hazina umbo. Nilipojiandikisha nilipata tarehe. Kwa miezi 11 nilijua kwa nini natoka kazini saa moja asubuhi naenda bwawani badala ya kwenda kuangukia kochi. Kutembea nusu saa nilikujua toka zamani na sikukufanya hata siku moja.

Mmeuliza pia kwa nini Wales na si Ulaya, mbona wenzangu wanakwenda Roth, Ujerumani, kwenye watazamaji wengi. Jibu ni pasipoti. Ukiwa na pasi ya Tanzania, kukaa Uingereza hakukufungulii mlango wa Ujerumani, lazima uombe viza ya Schengen kama aliyeko Dar. Nafasi za Roth huisha kwa dakika chache, karibu mwaka mzima kabla, na hapo unalipa. Viza hawapokei maombi zaidi ya miezi 6 kabla ya safari. Kwa hiyo unalipa kwanza, unafanya mazoezi kwanza, halafu unasubiri karani aamue kama una sababu ya kurudi ulikotoka. Mwenye pasipoti ya Ulaya analipa ada ile ile na kulala usingizi. Wanamichezo wa huku wanapenda kusema barabara haijui mtu katoka wapi. Barabara haijui, dirisha la ubalozi linajua sana.

Tenby sijutii, lakini. Ni mji wa wavuvi, na jina lake la Kiwales, Dinbych-y-Pysgod, maana yake ni ngome ndogo ya samaki. Kabla hatujaingia majini alfajiri waliimba wimbo wao wa taifa kwa Kiwales, watu maelfu ufukweni, wakati lugha yenyewe imebanwa na Kiingereza kwa karne nyingi. Nikawaza sisi tuliopewa Kiswahili bure tunavyoona haya kukizungumza mbele ya watoto wetu huku. Hilo lina siku yake. Njia ya baiskeli ina milima zaidi ya mita 2,000 kwa jumla, na pale Saundersfoot watu wanajipanga mlimani wanakupigia kelele kama wanakudai.

Mwisho, huu usemi wa "mchezo wa wazungu". Tenby weusi tulikuwa wa kuhesabika, hilo siwafichi. Ila sababu si mifupa mizito wala mapafu, kama anavyodai shemeji. Septemba 2025 Alphonce Simbu katwaa dhahabu ya marathoni ya dunia Tokyo, kwa hiyo miguu tunayo. Baiskeli? Anayetoka Handeni na magunia ya mkaa kwenye Phoenix isiyo na gia ana nguvu kuliko mimi na kaboni yangu. Mwezi huo huo wa Septemba 2025 Kigali iliandaa mashindano ya dunia ya baiskeli barabarani, mara ya kwanza Afrika. Kinachotukosesha ni bei ya vifaa, na kuogelea. Pwani yote ile na maziwa yote yale, shule ngapi zinafundisha mtoto kuogelea? MV Bukoba 1996, Spice Islander 2011, MV Nyerere 2018. Kuogelea kusingewaokoa wote, lakini kulifanya jambo la anasa katika nchi yenye maji namna hii ni kichekesho kibaya.

Kwa hiyo vijana mlioniomba barua ya mwaliko mje kukimbia huku: nitawaandikia, lakini nadhani mnaanzia mbali. Nendeni Rubavu, Rwanda, ziwa Kivu. Kuna mbio za nusu ya hizi, zilianza 2022: kuogelea kilomita 1.9, baiskeli 90, kukimbia 21.1. Mtanzania hahitaji viza. Basi tu.

Mjomba, mabati tutayazungumza nikija Desemba. Nakuja na ile baiskeli yangu ya kwanza kwa ajili ya binamu, nimeshaifungua magurudumu na kuipanga kwenye boksi. Pampu yake ni ya mdomo mwembamba, msimruhusu fundi wa pale sokoni aichokonoe kabla sijafika.