Nani Amefika Huko?



Somo la sayansi likigusa sayari na asteroidi, darasa hugawanyika. Wapo wanaocheka na kuuliza, "Nani amefika huko akaliokota hilo jiwe?" Na wapo wanaonakili kila neno lililo ubaoni; wakiambiwa asteroidi fulani ina madini fulani, basi yamekwisha. Kwa maoni yangu makundi yote mawili yamepotea njia, na la kwanza lina afadhali kidogo. Swali lao ni zuri sana. Ubaya ni kwamba anayeuliza huku anacheka hangojei jibu.

Na jibu lipo. Nuru ya jua ikipiga jiwe, sehemu yake humezwa na jiwe na sehemu hurudi. Mbali na rangi tunazoziona, iko nuru iliyopita nyekundu, ambayo macho yetu hayaioni. William Herschel aliigundua huko Uingereza mwaka 1800. Aliipasua nuru ya jua kwa kioo cha pembe tatu, akaweka kipimajoto pembeni mwa rangi nyekundu, akakuta joto linapanda mahali pasipo na rangi yoyote. Leo huitwa infraredi.

Madini mengi yenye chuma ndani yake huimeza nuru hiyo kila moja kwa namna yake. Piroksini huacha mabonde mawili kwenye mchoro wa vipimo, moja karibu na mikromita 1 na jingine karibu na mikromita 2. (Mikromita ni sehemu moja ya elfu ya milimita.) Olivini huacha bonde moja pana karibu na 1, na kwenye 2 haina kitu. Mtaalamu huchukua mchoro uliotoka kwenye darubini, akaulinganisha na michoro ya mawe yaliyopimwa maabara hapa duniani. Ndiyo njia yenyewe, na mwanafunzi wa kidato cha pili anaweza kuielewa.

Lakini je, shahidi huyu anasema kweli? Hapa ndipo ninapotaka tutulie.

Vimondo vingi vinavyoanguka duniani ni vya aina iitwayo kondraiti za kawaida. Ajabu ni kwamba asteroidi zilizodhaniwa kuwa chimbuko lake zilionyesha wekundu zaidi, na mabonde yake hayakuwa na kina. Wataalamu walibishana miaka mingi. Wengine walisema upepo wa jua umezichakaza nyuso za asteroidi hizo, wengine wakasema ni mawe mengine kabisa. Mwaka 2001 Richard Binzel na wenzake walitoa vipimo vya infraredi vya asteroidi ndogo, ambayo sasa huitwa Itokawa, yenye urefu wa mita 535 hivi. Walisema inafanana na kondraiti za kundi la LL, ila uso wake umechakaa.

Hawakuwa wameligusa jiwe hata moja la huko. Wangeweza kuumbuka.

Mwaka 2003 Wajapani walirusha chombo kiitwacho Hayabusa. Kilifika Itokawa Septemba 2005, kikaipima kwa infraredi kutoka karibu, na Novemba kikatua juu yake. Safari ya kurudi ilikuwa ya mashaka matupu: injini ziliharibika, na mawasiliano yakakatika kwa majuma kadhaa. Hata hivyo Juni 2010 kasha lake lilianguka katika jangwa la Woomera, Australia, likiwa na chembe za vumbi zaidi ya 1,500, nyingi zisizoonekana kwa macho. Zilipochunguzwa, matokeo yakatangazwa mwaka 2011: ni LL. Na juu ya ngozi ya chembe hizo zilikutwa punje ndogo mno zenye chuma, alama ya uchakavu uleule uliobishaniwa.

Basi anayeuliza "nani amefika huko" ajibiwe hivyo, kwa miaka na kwa vumbi lenyewe. Na walimu wetu, kwa heshima zote, wasituambie tu kwamba "imethibitishwa". Watuambie imethibitishwa vipi.

Kwa kundi la pili nina neno pia. Shahidi huyu ana mahali anaponyamaza. Chuma kitupu, kama kile cha kimondo cha Mbozi kule Tanzania, hakiachi mabonde hayo; mchoro wake ni kama mstari ulionyooka. Ndiyo maana asteroidi iitwayo Psyche imewasumbua watu. Zamani ilidhaniwa kuwa karibu yote ni chuma. Vipimo vya uzito na ukubwa wake vikaelekeza kwenye mchanganyiko wa mwamba na chuma, na infraredi nayo imeonyesha bonde hafifu la piroksini. Lakini kwenye simu zetu huzunguka habari kwamba Psyche ina dhahabu ya kumtajirisha kila mtu duniani, na wapo wanaozituma mbele bila kuuliza dhahabu hiyo ilipimwa na nani, kwa chombo gani. Chombo cha Marekani kilirushwa kuelekea huko Oktoba 2023, na kinatarajiwa kufika mwaka 2029.