Mshika fimbo hawezi kuwa mtunza siri



Nataka kutoa maoni yangu kuhusu kazi ya ushauri nasaha katika shule zetu za msingi. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi ya kijijini huku Rungwe, na kazi hiyo nimekabidhiwa pamoja na vipindi vyangu vya kila siku. Ninalotaka kusema ni moja tu. Kazi hii haitazaa matunda madhali mwalimu anayepewa kusikiliza siri za watoto ndiye huyo huyo anayepewa fimbo ya kuwaadhibu.

Kwanza niseme kwamba jambo lenyewe si geni. Wizara ya Elimu ilitoa waraka mwaka 2002 wa kutaka huduma ya ushauri na unasihi iwepo shuleni. Mwaka 2020 ukatolewa mwongozo wa ushauri, unasihi na ulinzi wa mtoto kwa shule na vyuo vya ualimu. Kwa hiyo hatuwezi kudai kwamba Serikali haikuliona tatizo. Maagizo yapo, tena ni mazuri. Kasoro iko katika jinsi yanavyotekelezwa huku chini.

Hebu tutazame inavyokuwa. Mwalimu mkuu akitakiwa ateue mwalimu wa ushauri, huitazama orodha ya walimu wake, nao ni wachache na madarasa yamejaa. Mara nyingi jicho lake humwangukia yule ambaye watoto humtii upesi, yaani mwalimu wa nidhamu. Basi asubuhi mwalimu huyo husimama mbele ya mstari akiita majina ya waliochelewa na kuwachapa. Saa nne, wakati wa mapumziko, anatakiwa aketi na mmoja wao amwulize kwa upole, "Mwanangu, una shida gani?" Ndugu msomaji, ungekuwa wewe ni mtoto huyo ungemjibu nini? Utasema ulichelewa kuamka, yaishe, urudi darasani na ukweli wako moyoni.

Na ukweli wenyewe ni mzito. Wilaya yetu ni ya milima na mvua nyingi, na njia ya shule kwa baadhi ya watoto ni ndefu na ya utelezi. Lakini si wote wanaochelewa kwa sababu ya njia. Yupo ambaye mama yake huondoka alfajiri kupeleka ndizi sokoni Kiwira au Tukuyu mjini, naye hubaki kumwogesha na kumlisha mdogo wake kabla ya kushika daftari. Yupo anayelelewa na bibi mgonjwa. Yupo mvulana aliyekwisha kuonja vijisenti vya kubeba parachichi au kuchuma chai, na sasa haoni faida ya darasa la tano. Yupo msichana ambaye kila mwezi hukosa siku tatu au nne kwa kuwa hana kitu cha kujisitiri, na mwalimu wake ni mwanamume. Hawa wote katika daftari la mahudhurio wanaitwa jina moja tu: watoro.

Tena yapo makubwa kuliko hayo. Utafiti wa taifa kuhusu ukatili dhidi ya watoto uliofanyika mwaka 2009, na matokeo yake kutangazwa mwaka 2011, ulionyesha kwamba karibu wasichana 3 katika kila 10, na mvulana 1 katika kila 7, walikuwa wamefanyiwa ukatili wa kingono kabla ya kutimiza miaka 18. Chukua darasa la wasichana ishirini ufanye hesabu mwenyewe. Watoto hao wapo mbele yetu kila siku, wanasoma ubaoni pamoja na wenzao. Mtoto wa namna hiyo akitaka kusema, hutafuta mtu mmoja tu asiyemwogopa. Akimkosa shuleni, na nyumbani ndiko yaliko mateso yake, aende wapi?

Najua wapo watakaosema kwamba barua hii inataka kuwadekeza watoto. La hasha. Shule isiyo na nidhamu si shule. Lakini hata fimbo yenyewe imewekewa mipaka. Kanuni za mwaka 2002 zinasema viboko visizidi vinne, vitolewe na mwalimu mkuu au mwalimu aliyepewa idhini naye kwa maandishi, na adhabu iandikwe katika daftari. Mipaka hiyo inapovukwa tunajua yanayotokea. Mwaka 2016 nchi nzima iliona picha za video za walimu waliokuwa katika mafunzo kwa vitendo wakimpiga mwanafunzi katika shule moja ya sekondari jijini Mbeya, nasi walimu wa mkoa huu tuliona aibu.

Wengine husema, "Mbona sisi tulichapwa na tumekuwa watu?" Maneno haya nayasikia sana, hata katika mikutano ya wazazi. Jibu langu ni kwamba wanaosema hivyo ni wale waliobaki shuleni. Wenzao walioacha darasa la nne kwa hofu au kwa aibu hawakualikwa kwenye mkutano kutoa ushahidi wao.

Isitoshe, kutenganisha anayeadhibu na anayesikiliza si mambo ya kigeni. Wazee wetu walikuwa na utaratibu wa kulea vijana usiowaacha mikononi mwa mzazi peke yake. Huku Unyakyusa palikuwa na vijiji vya rika: mvulana akifikia miaka kumi hivi aliacha kulala kwa wazazi, akajenga kibanda pamoja na wenzake wa umri wake, ingawa chakula aliendelea kula kwa mama. Mambo hayo yaliandikwa kirefu na mwanazuoni Monica Wilson, aliyeishi huku na mumewe Godfrey katika miaka ya 1930. Na katika nyumba nyingi hata leo, mtoto aliyekemewa na baba hukimbilia kwa bibi au kwa shangazi. Baba hukasirika, lakini moyoni anajua ni vema mtoto awe na pa kukimbilia. Shule zetu hazina bibi wala shangazi. Mwalimu wa ushauri ndiye angepaswa kuishika nafasi hiyo.

Hapa niseme pia kwamba kutunza siri si kuficha uovu. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtaka kila mwanajamii anayejua kwamba mtoto anatendewa vibaya atoe taarifa. Kwa hiyo mwalimu wa ushauri lazima amwambie mtoto tangu mwanzo: yale ya kawaida yatabaki kati yetu, lakini ya kukuumiza tutayapeleka kwa wanaoweza kukusaidia. Wapo maofisa ustawi wa jamii, lipo Dawati la Jinsia na Watoto katika vituo vya polisi, na ipo simu ya bure namba 116. Lakini mwalimu wa kijijini anapoichukua hatua hiyo yuko peke yake. Amepanga chumba kwa watu wale wale, hununua maziwa kwao, huzika nao. Akitoa taarifa, jioni wazee hubisha hodi kumwomba mambo "yamalizwe nyumbani". Mwalimu asiyeungwa mkono na mwalimu mkuu na mtendaji wa kijiji atanyamaza, na mtoto aliyesema mara moja hatasema tena.

Kwa hayo, nina mapendekezo manne kwa wahusika.

Kwanza, pawe na agizo la wazi kwamba mwalimu wa ushauri asihusike kabisa na viboko wala zamu ya kuadhibu waliochelewa. Hili halihitaji hata senti moja. Laweza kuanza Jumatatu ijayo.

Pili, wawe wawili, wa kike na wa kiume, na wapunguziwe vipindi. Kazi hii haiwezi kufanywa dakika kumi za mapumziko huku rundo la madaftari ya kusahihisha likingoja mezani. Pale ambapo shule haina mwalimu wa kike, Halmashauri ilitazame jambo hilo wakati wa kugawa walimu.

Tatu, wanakijiji wanapojenga madarasa na ofisi, wakumbuke chumba kimoja kidogo chenye mlango. Mtoto hawezi kusema lililomkuta katika ofisi yenye walimu sita na wazazi wakipita.

Nne, ushauri nasaha ufundishwe kwa kina katika vyuo vya ualimu, kwa mazoezi na siyo kwa nadharia tu, na walimu tulioko kazini tupatiwe semina. Hapa wilayani tunavyo vyuo vya Mpuguso na Tukuyu. Sioni sababu ya walimu wa jirani kutokutana hapo wakati wa likizo, hata kwa siku tano.

Ndugu zangu wazazi, nanyi nawaomba. Mtoto akiitwa na mwalimu wa ushauri msimwulize kwa ukali, "Umefanya kosa gani?" Kuitwa huko si kesi.

Serikali imetumia fedha nyingi kuwaingiza watoto shuleni, hasa tangu elimu bila malipo ilipoanza mwaka 2016. Madawati yamenunuliwa, na madarasa yamejengwa. Itakuwa ni hasara kubwa mtoto akiliacha dawati lake kwa sababu tu hakumpata mtu mzima mmoja wa kumwambia kinachomsibu. Naomba wahusika walitupie macho jambo hili.

Mwalimu wa Kijijini,
Tukuyu, Rungwe.