Mikali dirishani

Kijana wako nyumbani bila shaka anamfahamu Uncle Waffles. Jina lisikudanganye: ni binti wa Eswatini, Lungelihle Zwane, aliyezaliwa mwaka 2000. Video yake akipiga amapiano huko Soweto ilienea dunia nzima mwaka 2021. Mwaka uliofuata wimbo wake wa kwanza akauita "Tanzania".

Mjumbe mmoja wa halmashauri walei aliniambia kuwa binti aliye DJ wa harusi hafai kuimba kwaya. Nikakubali upesi, binti akaondolewa. Sikumwuliza hata neno moja. Tangu hapo namfikiria Mikali, aliyechungulia dirishani akamdharau Daudi kwa kucheza mbele ya Sanduku (2 Sam 6:16).

Ngoma yenyewe ilizuiwa makanisani mwetu miaka mingi, eti ni ya kipagani. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, mwaka 1963, ndio uliotaka muziki wa jadi wa watu uheshimiwe katika ibada. Sisemi amapiano iletwe altareni. Zipo nyimbo zake nisizoweza kuzitetea. Lakini binti yule anasali wapi leo? Namba yake nimepewa na mama yake. Nitampigia baada ya Misa ya pili.