Mali Bila Daftari

Wako watu ambao wakisikia habari za mashine ya zamani hudhani ni takataka. Mimi sikubaliani nao. Mwaka 1988 kampuni ya IBM ya Marekani ilitoa kompyuta iitwayo AS/400. Wazao wake wapo hata leo, na mfumo unaoziendesha huitwa IBM i. Hutumika katika mabenki, viwanda na maghala ya nchi nyingi. Programu zake nyingi zimeandikwa kwa lugha ya RPG, iliyoanza mwaka 1959, na programu iliyotungwa kabla hatujazaliwa yaweza kuhesabu mishahara leo bila kukosea senti.

Basi ubaya uko wapi? Uko katika desturi ya kutunza maandishi ya programu hizo. Tangu zamani huwekwa katika mafungu yaitwayo memba, na jina la memba halizidi herufi 10. Mtu atakaye kubadili jambo hunakili memba, huipa nakala jina jingine, kisha huibadili ile ya kwanza. Miaka ikipita nakala huwa tano, wala hapana ajuaye ipi ni ya kutumainiwa. Ni kweli kwamba kila mstari una tarehe ya kubadilishwa kwake. Lakini tarehe haisemi nani aliyeubadili, wala kwa sababu gani, wala ulikuwaje kwanza. Hayo yamo vichwani mwa wazee wa kazi, nao wakistaafu huondoka nayo.

Dawa ipo. Ni Git, aliyoitunga Linus Torvalds mwaka 2005. Hiyo ni kama daftari la karani mwaminifu: kila badiliko huandikiwa jina la mtu, saa na sababu, na maandishi ya kwanza hubaki. Git yafanya kazi na IBM i pia, maadamu maandishi yametolewa katika memba na kuwekwa katika mafaili ya kawaida. Kompaila ya RPG huyasoma hapo bila taabu.

Wazee hujibu kwamba memba zikinakiliwa hivyo, zile tarehe za mistari hupotea. Wasema kweli. Kwa hiyo memba za zamani zihifadhiwe, na daftari jipya lianzishwe kando yake. Lakini vijana nao wasijivune. Mtu akiandika "nimebadili" na asiseme kwa nini, Git haitamsaidia atakayekuja nyuma yake. Inafaa kijana amfundishe mzee kutumia Git, na mzee amweleze kijana kila mstari uliwekwa kwa haja gani. Na maelezo hayo yaandikwe papo hapo, mwenyewe akiwapo.

Ndugu wanafunzi, wengine wetu tutaajiriwa kutunza kazi za waliotutangulia. Tusiwe wepesi wa kuzitupa. Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari.

— Mwanafunzi, Kidato cha 4