Elimu ya Bahari ni ya Nani?



Mwaka 1978 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilianzisha Taasisi ya Sayansi za Bahari huko Unguja. Vyuo vya ng'ambo vimeshirikiana nayo, na kwa miaka mingi Uswidi iligharimia utafiti na masomo ya vijana wetu. Hatuubezi ushirikiano huo. Bila huo wataalamu wazalendo wa bahari wangekuwa wachache mno. Lakini tunauliza swali ambalo wenye mikataba hiyo hawapendi kuulizwa: elimu inayovunwa pwani hurudi pwani?

Chukueni habari ya mwani. Kilimo chake cha biashara kilianza mwaka 1989 huko Paje na Jambiani, kwa mbegu za Ufilipino, kisha kikaenea hadi pwani ya Bara. Wakulima wengi ni wanawake. Aina iitwayo kotonii ina bei nzuri kuliko spinosumu, lakini haistahimili joto. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000 imekuwa ikifa mashambani maji yanapopata moto. Mama anayekuta mwani wake umepauka na kukatika hujilaumu, au humshuku jirani. Sababu imekwisha kuandikwa, tena vizuri, ila kwa Kiingereza, katika majarida ambayo hata mwalimu wa kijiji hayapati.

Katika kigango kimoja cha pwani nilishuhudia watafiti wakifika siku za bamvua, maji yamekupwa, saa zile chache ambazo wanawake huingia shambani. Waliwaketisha chini ya mwembe kujibu dodoso lenye kurasa nyingi, hata maji yakajaa. Soda walipewa. Majibu hayajarudi mpaka leo. Mtu fulani, bila shaka, alipata shahada yake.

Wengine husema kwamba sayansi ina lugha yake, na mwanakijiji hataielewa. Hiyo ni dharau tupu. Mvuvi anayesoma kusi na kaskazi tangu utoto wake atashindwaje kuelewa habari za joto la maji? Tena taasisi hiyo hiyo imekwisha kuonyesha njia: kuanzia mwaka 2006 mtafiti wake, Dk. Flower Msuya, na wenzake walikaa na wakulima, wakawafundisha kusaga mwani na kutengeneza sabuni, wakajaribu nao kilimo cha maji ya kina kirefu, ambako joto hupungua. Kwa hiyo kinachokosekana si uwezo.

Basi mgeni akija na barua ya chuo, viongozi wa vigango waungane na sheha au mwenyekiti wa kijiji kumwuliza kabla ya dodoso kufunguliwa: mtarudi lini kutusomea matokeo kwa Kiswahili, na fedha za kurudi zimo katika bajeti? Bajeti yenye tiketi za ndege za kwenda mkutanoni Ulaya, lakini isiyo na nauli ya kurudi kijijini, irudishwe ikaandikwe upya. Na siku za bamvua, wageni wasubiri maji yajae.